Nilikuwa na Hakika: Mafunzo Niliyopata Katika Miaka ya Kufundisha Saikolojia

Mjukuu wangu ameanza mwaka wa kwanza wa saikolojia chuo kikuu, na likizo iliyopita alinijia akiomba madaftari yangu ya zamani. Nilimwambia asubiri wiki moja. Somo hilo nililifundisha katika vyuo vya ualimu kwa miaka 26, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa sekondari ya bweni. Nilijua fika kwamba humo ndani mna mambo niliyoyafundisha kwa sauti kubwa nayo si kweli.

Niliyapitia nikiwa na kalamu mkononi. Makosa ni mengi, na karibu yote yana mzizi mmoja: palepale nilipokosea ndipo nilipokuwa na hakika zaidi. Haya nimemwandikia yeye na wenzake wote wanaolianza somo hili wakitaka kufika nalo mbali.

1. Daftari likiwa wazi, kila mtu anajua

Mwaka 1978 nilikuwa mwanachuo, na mtihani wa saikolojia ulikuwa Jumatatu. Tangu Ijumaa nilikaa na kibatari, nikasoma daftari langu mwanzo hadi mwisho mara nne. Kila niliporudia, maneno yalizidi kuwa mepesi, hadi nikawa nayatambua kabla jicho halijayafikia. Nikalala nikijua nimeiva.

Swali la kwanza lilitaka tofauti kati ya kumbukumbu ya muda mfupi na ya muda mrefu. Nilifumba macho nikauona ukurasa wenyewe: mstari wa wino mwekundu chini ya kichwa cha habari, na kwenye kona ya chini doa la mafuta ya taa lenye umbo la jani la mwembe. Doa nililiona vizuri kabisa. Maneno hayakuwepo.

Kwa miaka mingi nilisingizia woga wa mtihani. Maelezo niliyapata nikiwa karibu kustaafu, katika utafiti wa Jeffrey Karpicke na Henry Roediger uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science. Kilichonishika kwanza ni kwamba ulifanywa kwa lugha yetu. Wanafunzi wa Marekani walipewa maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, mojawapo likiwa mashua. Walisoma, wakaulizwa, wakasoma, wakaulizwa. Kwa baadhi yao, neno wakishalipatia liliondolewa katika kusoma lakini wakaendelea kuulizwa. Kwa wengine ilikuwa kinyume: waliendelea kulisoma, ila hawakuulizwa tena. Kikao kilipokwisha, makundi yote yalikuwa yamelingana, kila mtu ameyapatia maneno yake.

Wiki moja baadaye wakaitwa tena. Walioendelea kuulizwa walikumbuka kiasi cha asilimia 80, wawe waliendelea kusoma au waliacha. Waliokoma kuulizwa walikumbuka kati ya asilimia 33 na 36, hata wale walioendelea kuyasoma maneno hayo tena na tena.

Lililonikalisha chini ni hili. Siku ile ya kwanza, kabla ya kuondoka, waliombwa wakisie watakumbuka maneno mangapi. Makundi yote yalikisia karibu nusu. Aliyeshiba na mwenye njaa walijiona sawa.

Kwa hiyo usiamini ule wepesi unaousikia ukisoma mara ya tatu. Ni wepesi wa kutambua, na mtihani hautakuomba utambue. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kilichobaki kichwani, kisha fungua ujisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Mara ya kwanza inauma, utaona umebaki na mistari mitano kati ya kurasa tatu. Fanya hivyo kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba kusahau huenda kwa kasi saa za mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Ukichelewa mpaka wiki ya mtihani, sehemu kubwa imekwisha kwenda.

2. Asilimia kumi

Katika daftari la 1991 nimeandika, na nimepiga mistari miwili chini yake: binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Nililisikia kwenye semina. Nikapenda jinsi wanachuo walivyokaa wima niliposema, basi nikalifundisha kwa miaka kumi na miwili.

Si kweli. Ubongo una uzito wa kilo 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili, lakini unakula takribani asilimia 20 ya nishati tunayotumia tukiwa tumepumzika. Mwili usingegharamia hivyo kitu kilicholala.

Mwanachuo mmoja wa safu ya nyuma aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, hiyo kumi waliipimaje?" Nilimwambia akae. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Wewe liulize kila mara: walipimaje? Ukiambiwa ukae, kaa, kipindi kikiisha nenda maktaba.

3. Ulimi si akili nzima

Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani Tanga. Mwaka 1996 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakampotea. Alibaki na "sasa, sasa," akirudiarudia huku jasho likimtoka. Nyumbani wakasema akili imemruka. Mimi niliyepaswa kujua zaidi nilimwinamia nikaanza kuzungumza naye polepole kwa sauti ya juu, kama mtoto wa chekechea, nikimuuliza kama anataka maji.

Siku ya pili alinyoosha mkono wa kushoto, akashika ukosi wa shati langu, akaupindua na kupitisha kidole gumba juu ya mshono. Kidole kikasimama mahali mshono ulipopinda kwa kiasi cha punje ya mchele. Akanitazama, akatikisa kichwa. Jioni watoto wa madrasa walipita njiani wakiimba kaswida, naye akaimba nao beti mbili, maneno yote yakiwa kamili.

Nilikuwa nimefundisha habari hii mara nyingi. Mwaka 1861 huko Paris daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto imeharibika. Kuyatoa maneno ni kazi moja, kuyaelewa ni nyingine, na wimbo uliokwisha kuzoeleka mara nyingi husalimika pale mazungumzo yanapokatika. Yote hayo niliyachora ubaoni kwa chaki ya rangi. Mtu wangu mwenyewe alipolala mbele yangu, sikumwona.

Hata kumbukumbu haikai katika chumba kimoja. Henry Molaison, Mmarekani, alipasuliwa mwaka 1953 akiwa na miaka 27 ili kupunguza kifafa kilichokuwa kikimtesa. Daktari alitoa sehemu za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kuanzia hapo hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kazi inayomchanganya mtu yeyote. Siku tatu mfululizo makosa yake yalipungua, na kila siku aliianza kazi kama mtu ambaye hajapata kuiona. Mkono ulijifunza, mwenye mkono asijue. Alifariki mwaka 2008, na mpaka siku hiyo vitabu vilimtaja kwa herufi mbili tu, H.M.

Ukimwona mtu amepoteza kitu kimoja, usimnyang'anye na vilivyobaki. Baba mdogo aliishi miaka minne zaidi. Nilijifunza kumuuliza maswali ya ndiyo na hapana, na kumsubiri.

4. Mvulana wa gari la waya

Tuliwahi kupewa kazi ya kupima watoto wa darasa la kwanza kijijini, kwa kipimo kilichotoka nje: mtoto anaonyeshwa umbo, analinakili kwa penseli. Mvulana mmoja aliishika penseli kwa ngumi kama anayetwanga. Mraba wake ulitoka kama kiazi. Nikaandika kwenye fomu: uwezo hafifu.

Kengele ya mapumziko ilipolia nilimwona uwanjani anaendesha gari la waya. Bodi alikuwa ameikunja kwa waya wa uzio, magurudumu ameyakata mviringo kutoka ndala zilizochakaa, na usukani mrefu umemfika kifuani. Aliukata kulia, na magurudumu ya mbele yakakata kulia. Nikamuuliza nani amemtengenezea. Alinitazama kama hajaelewa swali. "Mwenyewe," akasema.

Fomu ilikuwa bado mkononi mwangu. Sikuifuta.

Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1979 utafiti ambao ningeusoma mapema ungeniokoa. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa penseli na karatasi, Waingereza waliwazidi Wazambia. Kwa waya, Wazambia waliwazidi Waingereza. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Mimi nilikuwa nimepima penseli nikaandika ubongo.

Utakaposoma kwamba "watu" hukumbuka hivi au huamua vile, tafuta ni watu gani. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliukumbusha ulimwengu wa saikolojia kwamba katika majarida makubwa ya Marekani, asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Wengi wao ni wanafunzi wa vyuo, kwa kuwa ndio walio karibu na mlango wa profesa. Kwako wewe hii ni kazi inayokusubiri. Majaribio yasiyofanyika Kigoma, Lamu na Bujumbura ni mengi kuliko yaliyofanyika.

5. Vinavyofuatana

Huko Usenge, magharibi mwa Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Kijaluo ujuzi wa dawa za mitishamba, wakaulinganisha na alama za vipimo vya aina ya shuleni. Matokeo yalitoka mwaka 2001: waliojua dawa zaidi kwa jumla walipata alama za chini zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja alisoma hapo akahitimisha kwamba mitishamba inadumaza akili. Nilimsahihisha kwa upole, maana na mimi nilikwisha kupita njia hiyo, tena kwa gharama ya wengine. Mtoto ana saa zilezile. Anayefuatana na bibi porini hayuko na kitabu, na kila familia huamua ni elimu ipi itamfaa mtoto wake.

Gharama yangu ilikuwa hii. Chuoni nilihesabu mahudhurio ya vipindi vya usiku vya hiari, nikakuta waliohudhuria wana alama za juu. Nikaandika ripoti nzuri yenye jedwali, na mkuu wa chuo akaamuru wote wahudhurie. Muhula uliofuata alama hazikusogea. Waliokuwa wakija kwa hiari walikuwa tayari na nafasi na bidii. Wengi wa wasiokuja walikuwa akina mama waliopanga vyumba nje ya chuo, wana watoto wachanga. Niliwatenga na watoto wao kila jioni kwa miezi minne kwa sababu ya jedwali.

Kama ningegawa nusu ya darasa kwa kura, hawa wahudhurie na hawa wasihudhurie, ningejua ndani ya muhula mmoja. Kura ndiyo inayowachanganya wenye bidii na wasio nayo, wenye watoto na wasio nao, kabla hujaanza kupima. Ikishindikana kupiga kura, sema umeona vitu viwili vinafuatana, ukomee hapo.

6. Siku ya msiba

Ukiniuliza nilikuwa wapi tarehe 14 Oktoba 1999, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, nitakujibu bila kusita. Nilikuwa kantini ya chuo, na chai ya maziwa mbele yangu. Mpishi aliongeza sauti ya redio, Rais Mkapa akatangaza, na mpishi akaziba mdomo kwa kiganja huku mkono wa pili umeshika upawa unaochuruzika mchuzi. Nimesimulia hivyo kwa zaidi ya miaka 20, mara nyingi darasani.

Katikati ya madaftari nimekuta shajara yangu ya mwaka ule. Alhamisi, 14 Oktoba: homa siku ya tatu, sikwenda kazini, mke wangu amerudi sokoni analia, Mwalimu amefariki London.

Mwandiko ni wangu. Nimekaa na shajara hiyo mapajani kwa muda mrefu, na upawa bado nauona.

Asubuhi iliyofuata mlipuko wa chombo cha anga cha Challenger, Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani jinsi walivyoipata habari. Baada ya miaka miwili na nusu hivi waliwauliza tena 44 kati yao. Kumi na mmoja walikosea mambo yote makuu: mahali, walichokuwa wakifanya, aliyewaambia. Wengi walikuwa na hakika kabisa. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Mimi nilikuwa nafundisha utafiti huu, na hadithi ya kantini nilikuwa naitoa kama mfano wa kumbukumbu isiyofutika.

Ubongo hautunzi kanda. Kila tunapokumbuka tunajenga upya, kwa vipande vya kweli na vipande vya kuazima. Frederic Bartlett wa Cambridge alilionyesha hilo mwaka 1932: aliwasomesha Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, na kadiri walivyoisimulia tena, mitumbwi iligeuka mashua za kawaida na uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki. Hawakudanganya. Walikumbuka kwa kutumia dunia waliyoijua. Upawa wangu pengine ni wa siku nyingine na msiba mwingine.

Andika siku ileile. Unapokusanya data, andika kabla ya kula.

7. Begi la bluu

Shajara ile ndiyo iliyonirudisha kwa kijana mmoja ambaye sikuwa nimemfikiria kwa miaka.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Redio ya mwalimu mwenzangu ilipotea, na wanafunzi watatu wakasema waliona mtu akipita karibu na ofisi magharibi ilipokuwa inaingia. Walisema mtu, basi. Mimi kichwani nilikuwa na jina tayari, la kijana wa kidato cha tatu aliyekwisha kukamatwa mara mbili akitoroka. Niliwaita mashahidi mmoja mmoja wasisikilizane, na nilijivunia utaratibu huo. Kisha nikamuuliza kila mmoja: ulipomwona fulani na lile begi la bluu, alikuwa anaelekea wapi?

Hakuna aliyekuwa ametaja begi. Lilitoka kwangu, katika neno la mlinzi nililolisikia nusunusu. Kufika jioni wote watatu walikuwa wameliona, na wa tatu aliongeza kwamba zipu yake ilikuwa imeharibika. Zipu ndiyo iliyonimaliza. Nani angebuni zipu? Kijana akarudishwa nyumbani, na hakuwahi kurudi shule. Baada ya miezi miwili fundi redio alikuja na redio mkononi kudai malipo yake. Mwenzangu alikuwa ameipeleka mwenyewe akasahau.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa mwendo wa magari yalipogongana, wengine yalipopondana. Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwamo. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kugongana, 7 walisema waliviona. Kati ya 50 wa neno la kupondana, walikuwa 16. Nilifundisha utafiti huo mwaka hadi mwaka, nikichora magari mawili ubaoni, na sikuwahi hata mara moja kumkumbuka yule kijana.

Ukitaka kujua mtu aliona nini, muulize aliona nini, kisha nyamaza. Andika maneno yake yalivyotoka. Ikiwezekana, anayeuliza asijue nani anashukiwa, maana jina likiwa kichwani litapata tundu la kutokea.

Madaftari ya mjukuu yalikaa wiki mbili zaidi kwa sababu nilisafiri kumtafuta yule kijana. Ana duka la vifaa vya ujenzi sasa, na mvi. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akaagiza soda, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, huku akipima misumari ya mteja kwenye mizani. Nilimwomba radhi. Mteja alipoondoka akafuta mikono kwa kitambaa.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikuwahi kuwa na begi. Nilikuja shule na sanduku la bati, ulikuwa unalikagua kila Jumamosi."